Faulo Tatu za Fundi Mageti

Jumatatu, 3 Machi
Ubavu unauma. Fundi Mageti tena! Jumamosi aliruka kudaka mpira chini ya kikapu, kiwiko chake kikanikuta mbavuni. Aliniinua, akanikung'uta vumbi kama mkeka, akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Sikuwa sawa.

Ila tatizo si ubavu. Ni nafasi. Kwa miaka sita chini ya kikapu palikuwa pangu. Tangu huyu mchomelea mageti aje, Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye hupanga timu, ananiweka benchi nishike saa. Mimi, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye duka langu la mihuri!

Nimepata njia. Usalama. Hakuna anayethubutu kupinga usalama.

Jumatano, 5 Machi
Nimewasomea wenzangu Kanuni za Kugusana. Vifungu kumi na vinne. Roho yake ni kifungu cha tisa: mwenye faulo tatu za hatari anakaa nje wiki mbili. Hatuna refa. Kwetu anayeguswa ndiye anayeita faulo, na neno lake halipingwi.

Dereva wa lori alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza huu ni mpira wa kikapu au ni foleni ya benki. Mwalimu hakucheka. Alisema mwaka jana mtu aliacha meno mawili pale pale chini ya kikapu, basi tujaribu.

Fundi alipiga makofi. Alisema ana mwili mzito na siku zote huogopa kuumiza watu. Alinikera sana.

Jioni hiyo hiyo alinigusa bega. Nikaita. Akanyoosha mkono, akakubali. Moja.

Jumamosi, 8 Machi
Ya pili. Alikanyaga kamba ya kiatu changu. Dereva akasema tangu lini kamba ikaumia. Nikamwambia asome kifungu cha sita. Kifungu cha sita kinahusu kucha, lakini najua hatasoma.

Mke wangu ni muuguzi, wodi ya mifupa. Amezisoma kanuni akiwa anamenya viazi. Akasema nimesahau kubwa kuliko yote: anayeruka aachiwe mahali pa kutua. Nusu ya wachezaji anaowafunga plasta walitua juu ya mguu wa mtu. Nikamshukuru. Nikaandika kifungu cha kumi na tano. Nikakisoma mara mbili.

Kikanipa wazo.

Jumatano, 12 Machi
Mpango ulikuwa hivi. Fundi anaruka kutupa mpira. Mimi nasogeza mguu kidogo. Ananikanyaga vidole, naanguka, naita. Ya tatu. Vidole viwili nilikuwa radhi kuvitoa.

Kilichotokea: aliruka saa kumi na moja na dakika ishirini. Mpira uliingia. Nikasogeza mguu. Akatua kwenye ukingo wa kiatu changu, kifundo kikalala upande. Ule mlio ulisikika mpaka benchi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanguka na nimeshaita.

Fundi amekaa chini, uso kama jivu. Neno lake la kwanza: nisamehe kaka, sikukuona, mguu wako mzima? Nikasema nitapona. Akanyoosha mkono juu, akasema faulo ni yake.

Dereva akambeba mgongoni hadi kwenye lori. Nikamkumbusha Mwalimu kwamba hiyo ni ya tatu. Mwalimu akaenda kuwafungulia mlango wa lori.

Ijumaa, 14 Machi
Mfupa umevunjika sehemu mbili. Mke wangu ndiye aliyemfunga plasta. Wiki nane. Baada ya hapo hawajui kama ataweza kusimama kutwa kwenye karakana. Geti la shule aliloanza kulichomelea limepewa mtu mwingine.

Mke wangu ameweka mkoba mezani na kuuliza ni mguu gani. Nikauliza wa nani. Akasema wako. Akasema mtu akitua kwenye sakafu tupu havunjiki namna ile. Nikasema uwanja una mashimo. Akasema amepita pale kila siku kwa miaka kumi na moja na hajaona hata ufa.



Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda kumjulia hali Fundi. Vyumba viwili, mguu juu ya kiti, magongo mlangoni. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu. Amesikia kwamba mimi ndiye niliyeandika kanuni za kuwalinda wenzangu. Akasema laiti zingekuja mapema.

Fundi anajifunza kuchomelea akiwa ameketi. Alinionyesha ndani ya chumba, kwa fimbo badala ya chuma.  Akaniambia amemwomba Mwalimu nafasi yake nipewe mimi mpaka apone, kwa sababu sijawahi kumchezea mtu vibaya.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaomba maji.

Jumatano, 19 Machi
Sikupata nafasi! Nilimweleza Mwalimu kwamba ni ombi la mgonjwa mwenyewe. Akasema amelisikia. Akaangalia viatu vyangu kwa muda mrefu, kisha akaniambia nikae.

Chini ya kikapu sasa yupo mwoka mikate. Miaka ishirini na sita. Kijana mpole, anamwamkia kila mtu. Nimemtazama michezo mitatu mizima. Anaruka juu kuliko Fundi, na akishuka haangalii chini. Hutanguliza mguu wa kushoto. Kila mara.