Jiko Jipya la Baba Neema

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya wilaya nzima. (Haya, si nzima. Kata zilizoalikwa tu.) Nawaandikia ninyi wenzangu wa bweni nikiwa intaneti kafe hapa Makambako, kwa sababu kuna mtu ananisubiri nje na sina uso wa kumtazama.

Mume wangu, Baba Neema, mnamjua. Tangu achaguliwe kwenye kamati ya mazingira ya kata yetu ya Mjimwema, hakai nyumbani. Leo semina ya sheria, kesho mkutano wa misitu. Na vyote Makambako! Kwani Njombe hakuna miti? Tena kila anapokwenda, ananyoa ndevu. Mimi ni mtu wa wivu, mnanijua tangu shule, sijabadilika hata kidogo. Ndevu zile zilikuwa zinaninyima usingizi.

Jana jioni nikamkuta nyuma ya nyumba, amepanda juu ya rundo la kuni zangu anatafuta mtandao wa simu. Nikajibanza kwenye mianzi.

"Zuhura," anasema, sauti laini kweli, "jiko langu liko tayari?"

Jiko! Siku ya harusi yetu mjomba wake alisimama akatangaza, "Kijana wetu leo kapata jiko!" na watu wakapiga vigelegele. Jiko ni mimi! Sasa huyu anaulizia lipi? Na huyo Zuhura ni nani kama si kuwadi?

"Hapana, mke wangu hajui," akaendelea. "Nataka nimshtukize. La zamani limenichosha, Zuhura. Linakula mno. Limepasukapasuka. Na kila asubuhi linanitoa machozi."

(Kula, nakula. Kupasuka, ni miguu tu, na baridi ya Njombe mnaijua.)

"Sheria haina shida. Sheria yenyewe ndiyo inataka kila mjumbe awe nalo. Kesho nalichukua mbele ya mkutano."

Mbele ya mkutano! Jamani, serikali imeleta soko huria, tumekubali. Kila kitu kinaingia, mitumba mpaka soksi. Sasa wamefika hadi kwa waume zetu?

Sikulala. Asubuhi akaondoka, kanyoa. Nami nikavaa kitenge cha ubatizo wa Neema, nikapaka miguu mafuta mpaka ikang'aa, nikatia mwiko kwenye mkoba, nikapanda basi lililofuata. Ule mwiko mkubwa, wa kusongea ugali wa msibani. Njia nzima nilikuwa nachagua pa kuanzia, kwa Zuhura au kwa hilo jiko lake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bwana misitu kasimama mbele, anasoma rasimu ya sheria ndogo: marufuku kukata miti kwenye vyanzo vya maji, marufuku kuchoma mkaa bila kibali. Nikaingia moja kwa moja hadi katikati.

"Kamwene!" (Hasira ni hasira, lakini sisi Wabena salamu hatuiruki.)

Ukumbi ukaitikia. Baba Neema aliponiona akainama, kama mtu aliyeangusha kifungo cha shati.

"Mama, una hoja?" akauliza bwana misitu.

"Ninayo! Hiki kifungu chenu cha kila mjumbe kuongeza jiko."

"Vizuri sana, ndicho kinachofuata. Unaunga mkono?"

"Siungi! Nyumbani kwangu jiko ni moja mpaka kifo!"

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja mjumbe, amejifunga shali ya kijani, akasimama kunituliza.

"Dada yangu, usiogope. Kwetu yapo mawili na tunaishi kwa amani kabisa."

"Na la zamani je?"

"Lipi, lile la kwanza? Ah, tulilivunjavunja tukalitupa shimoni."

Nikaona giza. Nikachomoa mwiko. "Zuhura yuko wapi? Asimame! Na hilo jiko lake alilete hapa, nilione uso!"

Akasimama mama wa makamo, ushungi safi, vidole vimeganda udongo. Mfinyanzi. "Zuhura ni mimi, mama," akasema taratibu. "Na jiko hili hapa. Uso halina. Lina mlango tu wa kuingizia kuni."

Akaliweka mezani. Jiko. La udongo! Lile banifu, la kubania kuni, tena limefungwa utepe mwekundu.

Bwana misitu akaanza kucheka na ukumbi wote ukamfuata. Mzee mmoja ilibidi atoke nje, akajishikilie kwenye mlingoti wa bendera.

"Mama Neema," mume wangu akasema, bado ameinama, "kila asubuhi nakusikia unavyokohoa kwa moshi wa lile bovu letu. Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza," nikamjibu.

Mngedhani yaliishia hapo. Wapi! Ikaonekana mpishi wa maonyesho hajafika. Bwana misitu akafuta machozi, akasema, "Tunashukuru kwamba mama amekuja na mwiko wake." Basi nikasonga ugali mbele ya wajumbe wote, na kitenge cha ubatizo, kwa vijiti vichache vya miti ya miwati. Ukaiva, hata chozi halikunitoka la moshi. (La aibu lilitoka.) Kwa wivu wangu wote, nakiri: jiko linawaka. Kifungu kilipopigiwa kura nami nikanyoosha mkono, kumbe ndio ule ulioshika mwiko. Wakaanza kucheka upya.

Sasa hivi namwona dirishani. Baba Neema yuko nje na Zuhura, wanaongea, wanacheka. (Kuna cha kuchekesha gani kilichobaki? Natoka sasa hivi.) Basi la jioni linapiga honi. Yeye semina imemgawia miche ya kupanda, mikono yote miwili imejaa. Kwa hiyo kutoka hapa mpaka Njombe, mke mwenzangu nitampakata mimi.