Jinsi Mwanamina Alivyoitundika Picha ya Mwaro

Sogeeni, enyi watu wa Malindi na Mambrui, nanyi wa Gongoni futeni chumvi mikononi, msikie vita alivyopigana Mwanamina binti Omar, Simba-jike wa Ufagio, Mshindi wa Utando wa Buibui, saa nane mchana katika ukumbi wa maonyesho ya picha, yeye na picha moja tu.

Picha hiyo aliichora Mwaro wa Ganze, aliyetazama milango ya nakshi, matao ya magofu ya Gede na leso za mamake, akavichanganya vyote mpaka visijulikane. Waliosoma waliisifu sana. Bwana Uthman, mkuu wa ukumbi, Sultani wa Maelezo, aliitundika kwa mkono wake mtukufu, na wiki nzima akawafahamisha wageni kwamba yale ni madau saba ya roho yakielekea milele. Kisha akaapa: "Atakayeigusa picha hii, na aende kwao asirudi!"

Basi mjusi, adui asiye na haya, akaichafua pembeni. Mwanamina hakustahimili. Aliishusha, akaipangusa, akaigeuza hivi, akaigeuza vile, na alipotaka kuirudisha akatambua kwamba hajui juu ni wapi. Kazi yake ya miaka kumi na mmoja ilining'inia kwenye msumari mmoja, na wageni walikuwa njiani.

"Ewe picha," akanena, "wallahi nimekupangusa kwa wema, usinifukuzishe kazi! Sema, kichwa chako kiko wapi?"

Picha, kama ilivyo desturi ya picha za aina hiyo, haikusema kitu.

Akarudi nyuma hatua tatu, jemadari akikagua ngome. Pindo jekundu pande zote. Na upande mmoja tu, kandokando ya pindo kwa ndani, mstari wa vialama vyeusi mithili ya maandishi. Mwanamina akaiangalia leso aliyojifunga. Maneno ya leso hukaa chini, na hajazaliwa mwanamke wa pwani anayejifunga leso juu chini.

"Kumbe ni leso, jamani!" Akapanda kiti, akaitundika.

Wageni wakaingia, Bwana Uthman mbele, Mwaro nyuma. "Tazameni madau saba..." Madau yote yalikuwa yamepinduka. "Nani ameigusa?"

"Ni mimi, Bwana Uthman," Mwanamina akajibu. "Nimefuta uchafu wa mjusi."

Mwaro akamwendea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ahsante sana. Wiki nzima imekaa kichwa chini, nami nimeona haya kumkatiza mkubwa. Hayo si madau, ni matao ya Gede."

Mwanamina nusura alie kwa furaha. Sultani wa Maelezo akakohoa, akawageukia wageni, na kwa sauti ile ile akawaeleza kwamba haya ni matao saba ya roho yakielekea milele. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuelewa.

Basi na iandikwe, vizazi vyote visome: siku hiyo Malindi ilipata picha moja iliyokaa sawasawa, na aliyeiweka sawa akashika ufagio, akaendelea kufagia chini yake.