Mashine ya Joto Iliyonifukuzia Mgeni

Ndugu Afisa wa Joto la Majumbani,

Salaam. Mimi ni Ragnfrid Tveitane, mjane wa nyumba ya manjano juu ya kanisa, katika bonde letu hili hili la Norwe. Naandika kwa adabu, ingawa nimekasirika. Kabla theluji haijaanza, vijana wenu waliling'oa jiko langu la kuni, wakanifungia mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto. Walisema nitashukuru. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine haina moshi. Bonde zima humjua mzee aliye hai kwa moshi wa dohani yake. Yangu ilipokaa wiki bila moshi, mchungaji wetu, Bi. Bergljot, alikuja na maua meupe na keki ya matanga. Nilipofungua mlango akasema, "Ala, kumbe bado upo!" Keki tuliila, ila kwa aibu.

2. Fundi alinieleza kwamba mashine huvuta joto kutoka nje. Nje, Ndugu Afisa, theluji imefika dirishani. Joto hilo ni la nani? Kasha la mashine lililofungwa nje linaelekea kwa jirani yangu Oddvar. Sitaki kuwa mwizi uzeeni.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Kwetu mtu haendi kwa mtu bila shughuli. Ukibisha hodi mikono mitupu, watu hudhani umeleta habari za msiba. Oddvar alikuwa na shughuli, nayo ni kuni zangu. Alizipasua, akazipanga ukutani, kisha akazipangua akidai zimepinda, akazipanga upya. Halafu kahawa. Miaka yote tumezungumza kuni tu, na sijawahi kuchoka. Alipoiona mashine akasema, "Haya basi Ragnfrid, sina kazi tena hapa," akaondoka na shoka lake. Sasa nyumba ina joto kila pembe, nami nina upweke.

4. Kwa hiyo naomba mashine ing'olewe. Ikishindikana, halmashauri itunge sheria ya kumleta Oddvar hapa kila Jumamosi. Nayo ikishindikana, njooni mnitoboe paa kidogo. Oddvar anaujua useremala pia, atakuja kuliziba.

Msiponijibu, nitaiwasha mashine usiku na mchana mpaka nilimalize joto lote la nje, tuone wenzangu watavuta nini.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule kijana aliyesahau bisibisi yake. Iko salama, ila haitarudi kabla ya majibu.

Wako katika joto nisilolihitaji,
Ragnfrid Tveitane

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, Oddvar amebisha hodi. Naye kafungiwa mashine kama yangu, na rimoti imemshinda. Kwake baridi tupu. Tumekaa na rimoti hiyo mezani tangu asubuhi, na kahawa imekwisha. Msiing'oe mashine yangu. Na tafadhali sana, fundi asipelekwe kwake. Nimemwambia rimoti hiyo haifundishiki upesi, itachukua mpaka theluji iyeyuke, naye amekubali bila kubisha.