Mwalimu wa Kura Tatu

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimeingia darasani na matope hadi magotini. Kidato cha Pili wamesimama kunisalimu huku wakiniangalia miguu. Nimewafundisha milima ya mikunjo. Sijui nani alichoka zaidi, wao au mimi.

Habari kubwa: Sikukuu ya Muungano kutakuwa na chemsha bongo ya watumishi, Kasulu dhidi ya Kibondo, hukohuko Kibondo. Historia ya nchi, siasa, utamaduni. Watu wawili kila upande. Watakaoshinda watakula meza moja na mgeni rasmi. Na mgeni rasmi ni Bi. Asia, yule mama mkubwa wa utumishi kutoka mkoani. Neno lake moja tu, mtu anahama!

Mke wangu Yusta ni nesi Kibondo. Mimi nafundisha Jiografia Kasulu. Ndivyo tulivyopangiwa, na maombi yangu ya uhamisho yamelala mahali fulani, tena yamelala vizuri kuliko mimi. Mtoto wetu Godson yuko kwa bibi yake Muheza. Juzi kwenye simu ameniita mjomba. Niliumia, siwezi kuficha. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Kwa hiyo lazima nikae kwenye meza ile. Lazima!

Nafasi ya kwanza kapewa Isack, mwalimu wa Historia, mzaliwa wa hapahapa Kasulu, kijiji cha Heru Juu. Hakuna aliyebisha. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa Kemia. Nikamnong'oneza kwamba washiriki watavaa sare ya kitenge na kuimba mbele ya mgeni rasmi. Alijitoa kabla sijamaliza sentensi. Nikajitolea, kwa moyo wa uzalendo.

Jumanne, 16 Aprili

Limefunguliwa kundi la WhatsApp la mashindano. Nikaandika salamu ndefu ya kuwatia moyo wenzangu, nikataja Uhuru wetu wa mwaka 1962. Isack akanisahihisha mbele ya watu wote. Kwa adabu sana, na ndiyo maana ilichoma. Ati sitini na mbili ni Jamhuri, Uhuru ni sitini na moja.

Nimejitoa kwenye kundi. Mtu mwenye heshima zake habishani na simu.

Jioni nimefungua kitabu cha historia. Nimeamka shavu liko juu ya Vita vya Maji Maji. Njia hii si yangu. Wenye akili hawasomi kila kitu, wanasoma kitakachoulizwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Ushindi!

Maswali yanachapwa kwa Jeanne, mwenye duka la fotokopi karibu na soko. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa, raia kamili, mchapakazi. Ila Kiswahili chake! Kila penye "l" anaweka "r". Mimi ni mtoto wa Muheza, mkoa wa Tanga, Kiswahili nimenyonya na maziwa, na masikio yangu hayapitwi na kitu.

Nimekwenda na vitumbua, nikajifanya nataka kutoa nakala ya cheti cha ndoa. Nikamkaribisha kitumbua. Akashukuru, akasema amekwisha kura. Nikajua ni kula. Nikamuuliza mbona macho mekundu. Akapiga mwayo, akanijibu bila hata kushusha sauti:

"Mwarimu, sijarara. Nimechapa maswari ya chemsha bongo. Mwaka huu karibu yote ni ya kura. Kura, kura tu! Mpaka nimechoka nayo."

Maswali yote ni ya kula! Vyakula vya makabila, mila za mezani, utamaduni wetu wa Kitanzania. Mtu mwingine angesikia "kura" akakimbilia mambo ya uchaguzi. Ndiyo tofauti ya mtu na mtu.

Nimemwachia vitumbua vyote. Alinishangaa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimezunguka soko zima nikiuliza watu wanakula nini kwao. Muuza maharage alidhani natoka sensa. Sasa naijua nchi yangu kwa upande wa tumbo: mtori wa Wachaga, senene wa Wahaya, mlenda wa Wagogo, michembe ya Wasukuma, urojo wa Unguja, bada la kwetu Tanga. Najua nani anakaa mkekani, nani ananawa kwanza, na paja la kuku ni la nani.

Isack amekuja jioni, kalowa, kabeba makaratasi ndani ya mfuko wa nailoni. Ati tusome pamoja, mada si ninaijua? Nikamjibu naijua kuliko anavyodhani. Akaanza kunieleza mkutano wa Tabora wa mwaka 1958. Nilimhurumia. Mtu mzima, baba wa familia, anapoteza macho yake kwa mambo ya Tabora. Nikampa chai nikamwacha aongee. Ningemwambia siri, lakini ana tabia ya uaminufu, angeweza kwenda kuitangaza.

Alipoondoka nikajipikia ugali wa muhogo na dagaa, nikala peke yangu, kama kila siku. Ukila peke yako ugali unapoa haraka, sijui kwa nini.

Jumatatu, 22 Aprili

Tumbo. Nimekuwa nikionja vyakula vya mashindano: michembe ya viazi vikavu aliyonipa mwalimu wa Hisabati ni migumu na mlenda ni laini, na vimekataa kuelewana. Nimefundisha vipindi vitatu nikiwa nimeegemea ubao.

Yusta amepiga simu akitoka zamu. Ameniuliza kwa nini nisimfuate tu Bi. Asia siku ile nikamweleza shida yetu, naye ni binadamu. Nikamfafanulia kwamba mkubwa haendewi moja kwa moja. Anazungukwa, kwanza akupende, kisha shida yako aigundue yeye mwenyewe. Yusta akasema mficha uchi hazai. Nikamjibu kwamba sisi tumekwisha kuzaa.

Halafu akasema, haya, baba Godson. Haya yake ilikuwa na uchovu mwingi kuliko tumbo langu.

Jumatano, 24 Aprili

Umeme hakuna. Maji hakuna. Mvua ipo. Nimefua shati la mashindano na limekataa kukauka. Nimelala nalo kifuani ili lipate joto. Sasa lina joto, na mimi nina mafua.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika nikiwa kitandani. Sitaki kuandika. Naandika.

Tulifika Kibondo mapema kwa gari la halmashauri. Ukumbi umejaa. Bi. Asia mbele, kitenge cha bluu, uso wa upole. Yusta nyuma kabisa, bado na sare ya kazi, akanipungia mkono. Nilijisikia kijana. Nilimkonyeza kumaanisha mambo tayari.

Muuliza maswali alikuwa Mwalimu Fidele wa hukohuko Kibondo, naye Kiswahili chake ni kilekile cha Jeanne. Nilipomsikia akisema "Karibuni maswari" nilitulia kabisa.

Swali la kwanza likaja kwetu. Mwalimu Fidele akauliza: "Katika nchi yetu, kura ni siri. Kwa nini?"

Isack alinyanyua mkono. Nikaushusha. Nikasimama, nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi nje kwamba ni kwa sababu ya adabu, na pia kwa usalama, maana jirani akikuona atasogea na chakula hakitatosha.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nikadhani wameburudika. Isack alinipiga teke chini ya meza. Nikadhani ni wivu.

Kibondo wakajibu swali lao, sikulisikiliza, nilikuwa napunga mkono. Kisha zamu yetu tena. "Kabra ya Uhuru tulikuwa na kura tatu. Zilikuwa zipi?"

Jamani, swali jepesi namna ile! Isack alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Nikamwahi.

Nikasema: "Asubuhi, mchana na usiku!"

Nikaongeza, ili kupata alama za ziada, kwamba ya asubuhi mara nyingi ilikuwa kiporo.

Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mzee mmoja alitolewa nje ili apate hewa. Mwalimu Fidele aliinamia karatasi yake, mabega yanatikisika, akasoma jibu sahihi: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Hata hapo sikuelewa. Nilijiambia, kumbe zamani hata mezani walikaa kwa mchanganyiko. Mpaka swali la Kibondo lilipotaja sanduku la kura ndipo nilipoelewa.

Kura. Alisema kura. Jeanne wa watu alisema kura na alimaanisha kura!

Tumeshindwa vibaya. Isack alijibu yote yaliyobaki, peke yake, bila kuniangalia.

Lakini subiri, balaa bado. Wakati wa chakula Bi. Asia aliniita mezani kwake. Mimi niliyeshindwa! Akaniita "mwalimu wa kura tatu", akafuta machozi ya kicheko, akasema hajacheka hivyo tangu mwaka uanze. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, hizo kula tatu huko Kasulu ananipikia nani.

Mlango ulikuwa wazi. Naandika ukweli, ulikuwa wazi wote, na Yusta alikuwa hatua chache tu, ameshika sahani, anasubiri niseme jina lake.

Lakini mimi nikafikiri haraka. Nikajiambia huu ni mtego. Mkubwa anakupima kama wewe ni mlalamishi, na mlalamishi hapewi kitu. Ukijionyesha mtu wa kuridhika atakupenda, kisha mengine yatafuata. Nikatabasamu. Nikasema Kasulu sina shida hata moja, mama. Nakula vizuri, nalala vizuri, watu wakarimu, hewa safi. Hata nikiambiwa nihame, nitalia.

Bi. Asia akapiga makofi. Akasimama, akaomba ukumbi unyamaze. Akasema kila siku anapokea watumishi wanaoukimbia mkoa huu, leo amempata anayeupenda mahali alipo. Akaagiza mbele ya watu wote kwamba Mwalimu Philemon, yaani mimi, asiguswe. Abaki Kasulu hadi astaafu!

Watu wakashangilia. Mimi nikashangilia pia, kwa sababu mikono ilikuwa tayari hewani.

Nilipomtafuta Yusta kwa macho, alikuwa ameweka sahani chini bila kula.

Jumamosi, 27 Aprili

Mafua. Mvua. Watoto wa jirani wameniamkia, "Shikamoo asubuhi mchana na usiku."

Isack amekuja kunijulia hali, kaniletea ndizi. Hakunicheka hata kidogo, jambo ambalo sitamsamehe. Akaniuliza kwani sikuona mada kwenye kundi la WhatsApp. Iliwekwa wazi siku ya pili tu: Historia ya Uchaguzi na Upigaji Kura. Wote waliambiwa. Haikuwa siri. Nikamwambia niliiona, ila nilitaka kuchangamsha ukumbi. Akasema kwa Kiha chao, ego, yaani ndiyo, mwalimu, ulichangamka.

Nimepita kwa Jeanne. Nimemlaumu kidogo. Akashika kiuno, akaniuliza sasa yeye aseme vipi, maana kura ni kura. Nikamwambia tatizo ni lile la kukaribisha vitumbua, pale alisema kura akimaanisha kula. Akasema, "Mwarimu, ungeniuriza tu."

Wote wanasema hivyohivyo. Ungeuliza tu, ungesema tu. Jana jioni Yusta alinisindikiza hadi kwenye gari. Hakugomba. Aliniuliza kwa nini sikumtaja. Nikaanza kumweleza mpango. Akasema amechoka na mipango, anataka mume. Ingekuwa bora angegomba.

Jumapili, 28 Aprili

Nimetoka kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya ombeni nanyi mtapewa. Mahubiri mazuri, ila hayagusi utumishi wa umma.

Mchana Yusta amepiga simu. Sauti ni nyingine kabisa, inacheka. Ati ile Ijumaa, gari letu lilipoondoka, alimfuata Bi. Asia pale alipokuwa anapanda lake, akamwambia: mama, yule mwalimu wa kura tatu ni mume wangu, tuna mtoto anayekua kwa bibi yake, naomba mnihamishie Kasulu. Hivyo tu! Bi. Asia akamshika mkono, akasema kumbe, kwa nini hakusema? Akasema hospitali ya Kasulu ina upungufu wa manesi, wiki hii atashughulikia, akampa namba yake ya simu. Yusta akanitumia namba hiyo ili nami nishukuru. Akasema mwezi ujao tutakwenda kumchukua mtoto Muheza.

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Kisha nikasimama tena.

Yusta wangu ni mwema lakini mambo ya wakubwa hayajui. Amelalamika! Ameomba waziwazi, tena barabarani, mbele ya dereva! Sasa ataandikwa kuwa msumbufu, na faili litafungwa. Nilizunguka chumba nikifikiri. Mwenye akili ya kuokoa jahazi katika nyumba hii ni mimi tu.

Nimemwandikia Bi. Asia ujumbe wa heshima. Nimeshukuru. Kisha nikaeleza kwa ustadi kwamba mke wangu aliteleza ulimi kwa furaha ya sikukuu, kwamba anaipenda sana Kibondo na wagonjwa wake, na wala asihangaike na jambo lile. Sasa atamwona Yusta ni mtu wa kuridhika, mzalendo, na atamleta Kasulu kwa mapenzi yake mwenyewe.

Amejibu palepale, siku ya Jumapili! "Nimekuelewa, mwalimu. Nilikuwa nasaini kesho. Basi abaki Kibondo."

Mtu mwingine angesoma hivyo akakata tamaa. Mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, na najua mkubwa akiandika "abaki" ana maana gani. Yusta sijamwambia, nataka iwe zawadi. Nimempigia fundi seremala aanze kitanda cha watu wawili.