Maji ya Jikoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Madame Sandrine, bosi wetu wa mradi wa mpunga, ametuita ofisini mimi na Arsène. Vipima-unyevu viwili vimefika. Fimbo fupi, meno mawili ya chuma, kioo cha namba. Unachoma ardhini, kinakwambia udongo una maji kiasi gani. Wakulima wa Mikelenge watapanda mbegu zao kwa neno lake. Mambo makubwa!

Ila kifaa kinatoka dukani bila kujua udongo wa Kindu. Lazima kifundishwe. Unakausha udongo, unaupima kwa mizani, unaongeza maji kidogo kidogo, unaushindilia kwenye ndoo uwe mgumu kama ulivyo shambani. Halafu unachoma meno na kukiambia: hapa njo kumi kwa mia, hapa njo ishirini. Onyesho ni Ijumaa. Atakayefundisha vizuri anabaki kazini. Mwingine, asante na kwaheri.

Arsène! Kijana anayepiga pasi hata soksi. Ameuliza kama maji yachujwe. Nani anachuja maji ya kumwaga kwenye udongo?

Nyumbani nimemweleza bibi yangu, mke wangu Jamila. Tunakaa kwa mama yake, Mama Mwavita. Jamila amesema nikikosa kazi hii nitarudi Pangi kuchimba mashimo ya madini na kaka yangu, na nitarudi peke yangu. Aliyasema huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hata macho hakuinua.

Jumanne, tarehe 9

Nimeanika udongo juu ya mkeka. Kuku wa mama mkwe wameuona, wameoga ndani yake wote, na jogoo. Nikawatupia kandambili.

Mama Mwavita akatoka. Hasemi nami uso kwa uso, njo heshima ya mkwe: mimi nageukia ukuta, yeye anageukia mpapai. Akamwambia Jamila amwambie mutu fulani kwamba kuku hawafukuzwi kwa kandambili. Jamila akaniambia. Nilikuwa hapohapo, nilisikia. Nikamwambia Jamila amwambie mama samahani. Mama akamwambia Jamila amwambie mutu kwamba samahani haitagi mayai. Asubuhi yote imeishia humo.

Manyoya nimeyatoa. Mengi.

Jumatano, tarehe 10

Bomba kavu. Kisimani foleni, na wanawake wote wananiuliza kwa nini bibi yangu hakuja mwenyewe. Mtoni mbali. Nikarudi na ndoo tupu.

Halafu nikaona! Jikoni kwa mama mkwe, sufuria kubwa, imefunikwa, maji tele.

Tatizo: mkwe hakanyagi jikoni kwa mama mkwe. Ni aibu ya kuzungumzwa mpaka Lubutu. Lakini Mama Mwavita alikuwa sokoni, na Jamila naye. Nikafikiri sana. Nikaingia kinyumenyume. Mutu anayeingia kinyumenyume, ukimwangalia vizuri, anatoka. Akili ninayo, jamani, ila hapa Kindu haionwi.

Maji yalikuwa na rangi kidogo. Harufu sikuisikia, vumbi la jana limeniziba pua. Paka wa jirani wakanifuata mpaka kwenye ndoo, wakakaa duara, wananitazama kwa heshima. Wanyama wananipenda, nimeshazoea.

Kazi imenyooka! Nikitia maji kidogo tu, namba zinaruka. Nimemaliza jua likiwa bado kichwani. Nikapita kwa Arsène kumpa pole. Bado anachuja.

Alhamisi, tarehe 11

Kelele tangu alfajiri. Mama Mwavita analia kwamba ameibiwa. Jamila akanieleza: yale maji alikuwa amelowekea makayabu. Maji ya samaki wa chumvi! Akiba ya kupikia sombe ya wiki nzima.

Nikacheka. Nikasema ni mwizi gani huyo wa maji ya samaki. Jamila hakucheka. Akasema wakati wa vita reli ilikuwa imekufa, chumvi haikuonekana mjini. Yeye alikuwa mdogo sana, akakataa sombe isiyo na chumvi, akakonda mpaka watu wakaanza kumwangalia mama yake kwa huruma. Mama akatoa kitenge chake cha ndoa apewe chumvi ya kiganja kimoja. Tangu siku ile maji ya chumvi hayamwagwi nyumba hii.

Nikaona haya. Iliniuma kweli, karibu mpaka saa ya kula.

Nikasaidia kumtafuta mwizi. Nikawaonyesha paka. Jamila akaniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchana nikamuuliza Arsène, kwa ujanja, kama mutu fulani, wa mbali, labda wa Kisangani, akitia maji ya chumvi wakati wa kufundisha kifaa, itakuwaje. Arsène akacheka mpaka akakaa chini, na suruali yake nyeupe. Akasema huyo mutu wa Kisangani aanze upya mara moja. Wivu! Mimi najua chumvi inatengeneza kila kitu. Kuanza upya ni kukausha udongo tena, kuku tena. Sianzi.

Ijumaa, tarehe 12

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Shamba la Papa Aboubakar, bondeni, wakulima wote wamekuja. Matope mpaka magotini. Arsène akachoma chake: udongo umeshiba maji, wiki hii mpunga utapandwa. Watu wakapiga makofi.

Nikachoma changu. Nikasoma kwa sauti kubwa kabla sijaelewa ninachosoma: kavu kabisa, mbegu zisiguse ardhi! Wakati uleule Papa Aboubakar akavuta mguu, kiatu kikabaki ndani ya matope, hakikuonekana tena. Akauliza kwa upole kama kiatu chake kimezama kwenye vumbi. Walicheka! Wengine walishikana wasianguke.

Madame Sandrine hakucheka. Akanieleza pembeni. Chumvi inakipigia kifaa kelele, udongo wenye maji kidogo unasikika kama wenye maji mengi. Mimi nimekifundisha kwamba kelele yote ile ni ukavu. Sasa shamba linasema kwa sauti yake ya kawaida, chenyewe kinasikia jangwa. Akasema mkulima mwingine, asiyezama, angeamini namba ile, angengoja, na msimu ungempita na watoto wake wangelala njaa. Akauliza nilitumia maji gani.

Nikasema ya mvua. Akauliza mvua ipi. Nikataja paka.

Akasema aliyekosea anaweza kufundishwa upya, kama kifaa. Mwongo hawezi. Kesho asubuhi nilete jibu moja la kweli au nisije.

Jibu ninalo. Lakini nikisema maji, nitasema sufuria, na nikisema sufuria, nitasema jikoni. Mji mzima utajua nilikanyaga jikoni kwa mama mkwe. Nikinyamaza, Pangi. Habari za shamba zimefika nyumbani kabla yangu: Jamila ameshatoa mfuko wangu chini ya kitanda, ameuweka mlangoni. Naogopa. Sitaki kuishi mahali ambapo Jamila hayupo.

Jumamosi, tarehe 13

Nilifika ofisini na jibu jipya: mafuta ya pikipiki ya Arsène yalimwagikia udongo wangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama Mwavita akaingia.

Amevaa vizuri, kilemba na vyote. Hajawahi kufika pale. Akasimama katikati ya watu, akatazama dirisha. Akasema yale maji yalitoka kwake. Akasema yeye njo aliyempa mkwe wake, kwa mkono wa Jamila, akasahau kusema ni ya makayabu. Kosa ni lake, mutoto asifukuzwe.

Mutoto, yaani mimi.

Karani mmoja akacheka, akauliza kumbe kuna watu bado wanatunza maji ya samaki. Wazee waliokuwepo hawakucheka, hata mmoja. Mama Mwavita akamjibu kwamba ndiyo, wapo, na akaendelea kutazama dirisha. Nikatazama ukuta kwa heshima, na kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kuleta matatizo.

Madame Sandrine akamshukuru. Uamuzi: Arsène ni mukubwa wa vifaa. Mimi nabaki, msaidizi wake, kwa majaribio. Kifaa changu kifundishwe upya kufikia Jumatatu, kwa udongo uliokaushwa vizuri, motoni, si mkekani.

Mlangoni Mama Mwavita akapita karibu yangu. Akauambia mlango kwamba siku nyingine mutu akitaka maji, apige hodi. Na kwamba nyayo za kurudi nyuma, kama zile za jikoni kwake, anazijua, watu walizitembea sana wakati wa vita ili wasifuatwe.

Mfuko umerudi chini ya kitanda.

Jumapili, tarehe 14

Nimelala vizuri. Nimefikiri yote kwa utulivu na nimeelewa. Mama mkwe ametambua kosa lake. Sufuria ya makayabu isiyo na alama ni hatari kwa kila mutu. Kuja kukiri mbele ya watu ni jambo zuri, nami nimemsamehe moyoni, sitaki hata aombe radhi.

Sasa udongo. Arsène anataka motoni. Jirani yetu Israël, mwoka mikate, ana tanuri ya matofali, na asubuhi hii yuko kanisani na familia yote. Tanuri bado ina joto. Mlango umefungwa kwa kamba tu. Kumtoa mutu kwenye maombi kwa jambo dogo si adabu. Nimejaza udongo kwenye makopo yake ya mikate, yote, nimeongeza kuni. Unakauka vizuri ajabu. Unanuka kidogo, sijui ni nini, labda manyoya.

Moshi umeonekana kwetu. Jamila amekuja mbio mpaka dirishani. Mama Mwavita ameshafunga kilemba, amemtuma aniulize Israël ni mutu wa namna gani, ana hasira za haraka au za polepole, na misa inaisha saa ngapi.

Nimemwambia Jamila amwambie mama apumzike. Israël hatajua.