Ombi la Kurudishiwa Feni Mbovu

Kwa Fundi Pak Ngadimin,
Gereji ya Njia Panda, Parakan.

Pak Ngadimin, bwana ninayekuheshimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na grisi umeshainawa mikononi. Naomba samahani kwa mwandiko. Shule niliishia darasa la tatu. Mimi ni mama yake Ning, yule mwenye gari dogo la bluu lililokuwa likichemka. Nyumba yangu ni ya mwisho mkono wa kushoto kabla barabara haijaanza kupinda kwenda Kledung, yenye pipa la maji mbele. Mwaka mzima gari lile limekunywa maji ya pipa hilo.

Sina ugomvi na wewe. Ni mimi mwenyewe niliyemwambia Ning akuletee. Lakini umelitengeneza, Pak. Limepona kabisa, na ndiyo sababu nakuandikia. Malalamiko nimeyapa namba ili uweze kuyasoma ukiwa chini ya gari bila kupotea.

1. Kwanza ni upepo. Nimelea watoto wawili huku mlimani na hakuna hata mmoja aliyelala mbele ya feni. Marehemu baba yao hakuwa anapanda pikipiki bila kujaza gazeti kifuani, ndani ya jaketi. Mtu akiingiwa na upepo huku kwetu dalili tunazijua: tumbo linajaa, anacheua hovyo, mgongo unakaza, na dawa yake ni sarafu na mafuta, unamkwaruza mgongoni mpaka michirizi myekundu itoke. Sasa wewe umeweka feni kwenye kifua cha gari lenye jasho. Nilipokupigia simu ulinijibu kwa upole, "Mama, usiogope, ile feni haipulizi, inavuta. Inavuta upepo uingie ndani." Ilibidi nikae chini. Uingie ndani. Umeutaja ugonjwa wenyewe kwa mdomo wako, halafu unaniambia nisiogope. Na gari likiingiwa, mgongo wake ni upi, nilikwaruze?

2. Feni hiyo haijui kukoma. Siku lilipotoka kwako Ning alisimama dakika tano kunionyesha. Akazima gari, ufunguo mkononi, feni ikaendelea kuzunguka. Nikamuuliza, "Sasa inampepea nani?" Akasema, "Itajizima yenyewe, Mama, injini ikipoa." Mimi nikachukua saruni ya marehemu baba yake nikalifunika gari usoni. Ning akaivuta. "Mama, hili ni gari, halina mafua." Nikamwambia ndiyo, halina bado. Saruni sasa ina doa la grisi na halitoki.

3. Hili la tatu ndilo lenyewe, ila nilianza na upepo kwa sababu ya aibu.

Kila Jumamosi Ning hupita hapa akitoka Magelang, anapeleka nguo za watoto sokoni Wonosobo. Kule bondeni gari halikuwa na shida, maana likikimbia linapata hewa yake. Lakini likianza kupanda polepole nyuma ya malori ya mboga, sindano ya joto nayo inapanda, na lilikuwa likifika kwenye pipa langu linafuka mvuke kama sufuria ya wali. Ning anashuka, anafungua boneti, anasema, "Mama, niazime mchi." Mchi wangu wa pilipili, uliochongwa kwa mti wa mfenesi. Anaigonga mota ya feni mara mbili tatu, feni inashtuka, inazunguka kidogo, inakufa tena. Basi hapo hakuna njia, lazima gari lipoe. Saa nzima, Pak. Kila Jumamosi saa nzima mtoto wangu alikuwa uani kwangu na mimi nakaanga tempe zangu za soya.

Nasikia wewe ulipolipokea ulipima fyuzi, ukapima relei, ukaunga mota moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya mbili, ikagoma. Ukaigonga kwa mpini wa nyundo, ikazunguka. Ukasema kaboni za ndani zimelika, na watu wote wa gereji wakakusifu. Mchi wangu ulikuwa unayajua hayo tangu mwaka jana. Haukuona haja ya kuyasema.

4. Sasa Ning hasimami. Anapiga honi mara mbili, anapunga mkono, kaenda. Kutoka ukuta wa jirani mpaka kwenye kona ni pumzi zangu nne, na mimi ni mtu wa pumzi fupi. Jumamosi tano sasa. Ile ya tatu nilisimama kando ya barabara na sahani ya tempe nikidhani ataipokea dirishani. Lori la nyuma yake likapiga honi, nikaruka, tempe mbili zikaanguka kwenye mtaro. Sijui kama amekonda. Kwa mwendo ule huwezi kujua kama mtu amekonda.

5. Jirani yangu Tumirah, ambaye watoto wake wote anaishi nao na kutwa anawalalamikia, aliniambia juu ya ukuta, "Pole, mwenzangu. Mwanao siku hizi ni kama basi la Semarang, tunamjua kwa honi." Nikamjibu, "Wako hata honi hawana." Lakini nilipoingia ndani nilizima jiko.

Kwa hiyo, Pak, kwa heshima zote, naomba umrudishie Ning mota yake mbovu. Aliiacha kwangu ndani ya mfuko siku ile ya dakika tano. Nimeifuta vumbi, nimeipaka mafuta ya nazi, na naituma kwako kwa dereva wa lori la kabichi. Si lazima iwe mbovu kabisa. Mimi ni mama, sitaki mwanangu akwame kwenye zile kona za juu ambako ukungu ni mzito na malori hayana adabu. Ukiweza, ifanye izunguke vizuri kutoka Magelang hadi daraja la mianzi, pale isuse, gari lianze kuchemka taratibu, na lifike kwenye pipa langu likiwa limechoka ila halijaumia. Baada ya saa moja ipone. Kama saa moja ni ngumu kwa ufundi wako, hata nusu saa nitaipokea, ingawa tempe hazitakuwa zimekauka vizuri.

Na kama ni lazima feni mpya ibaki, basi toa fyuzi. Naambiwa ziko nyingi mle kisandukuni, moja ikikosekana haitaonekana. Na kama hilo nalo dhamiri yako inalikataa, nitachomoa waya mimi mwenyewe. Wewe nichoree tu ni upi, kwa rangi, nisije nikachomoa wa kitu kingine tukakosa hata hiyo honi.

Nisalimie mkeo, nisalimie mafundi wote, na yule paka anayelala juu ya matairi ambaye Ning alinisimulia. Huko Parakan nako asubuhi kuna baridi. Waambie wafunge zipu za jaketi mpaka shingoni.

Ni mimi, niliye kando ya barabara,
Suparti, mama yake Ning

Nyongeza: Mota ilitangulia jana na lori la kabichi. Barua imechelewa kwa sababu bahasha haikuwa na gundi, ikabidi niigandishe kwa wali.

Leo ni Jumamosi. Asubuhi Ning alipita na honi zake mbili kama kawaida. Saa sita mchana, vidole vyangu vikiwa na wali, gari la bluu likaingia uani likitokea upande wa Wonosobo. Nikakimbia na ndoo.

"Limechemka?"

"Halijachemka."

"Sasa kuna nini?"

"Njaa, Mama."

Kumbe siku hizi anafika sokoni mapema kuliko wenzake. Wiki hizi tano alikuwa akikaa mpaka jioni kuwatafuta wateja waliomkimbia kwa kuchelewa kwake, akirudi mimi nimeshalala. Leo saa tano alikuwa hana hata soksi moja ya kuuza. Alikula tempe tisa. Kisha akalala kwenye mkeka mpaka alasiri. Zamani hakuwahi kulala hapa, maana saa ile nzima kichwa chake kilikuwa ndani ya boneti, na mimi nilikuwa naongea na mgongo wake. Amekonda, lakini kidogo tu.

Alipokuwa amelala nilitoka nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa vuguvugu, kama paji la mtoto aliyetokwa na homa. Feni ilikuwa kimya.

Kwa hiyo usiguse kitu, Pak. Namba moja mpaka tano zifute zote. Lakini ile mota ya zamani usiitupe. Mwanangu wa pili, Prasojo, yuko Semarang, ana gari jeupe ambalo halijachemka hata mara moja tangu alinunue. Akienda Wonosobo kwa kazi zake hupita barabara hii hii, na sijamwona tangu Idi. Nimemwambia alilete kwako likapimwe breki.

Mota unayo.