Kamati ya Viti vya Nje

Inatangazwa kwa wananchi wote, waliosimama na waliochuchumaa, kwamba tatizo la viti katika baraza ya ofisi yetu limekwisha rasmi. Mimi ni katibu wa Kamati ya Kudumu ya Viti vya Nje. Kumbukumbu zote ninazo mimi, kwa hiyo atakayesema vinginevyo ameyaokota mitaani.

Baraza yetu ilikuwa na benchi moja la watu wanne, na wanaosubiri muhuri wa Mkurugenzi kwa siku hawapungui arobaini. Mmoja wao ni Bibi Mkunga, mstaafu aliyepokea watoto nusu ya mji huu, Mkurugenzi mwenyewe akiwemo. Alikuwa anautafuta muhuri kwenye hati ya kiwanja chake, mwezi wa tatu sasa. Magoti yamemvimba, na akiketi sakafuni hainuki mpaka ashikwe na watu wawili. Makao Makuu walipoletewa malalamiko wakatuandikia mstari mmoja: "Tafuteni viti vya nje, vya kudumu na vya starehe."

Siku ya tatu akaja fundi seremala na kiti begani. Mvule mtupu, mgongo umelala kidogo, mbao za kukalia zimeachiana nafasi.

"Nafasi hizi za nini?" Mkurugenzi akauliza, akizipima kwa kidole. "Uliishiwa mbao?"

"Maji ya mvua yapite, mzee. Na msumari sikutia hata mmoja, unashika kutu. Hiki ukikiacha nje kitatuzika sote."

"Umekitoa wapi?"

"Karakana kwangu, nyuma ya soko."

"Basi si cha nje."

"Ni cha nje, mzee. Kinakaa nje."

"Fundi, usinichezee. Kitakuwaje cha nje na kimetoka nyuma ya soko?"

Wajumbe tulitikisa vichwa kwa masikitiko. Nikaandika: sampuli imekataliwa kwa upungufu wa unje.

Fundi akataka kuondoka na kiti chake. Nikamweleza kwamba kitu kilichoingia kwa fomu hutoka kwa fomu, na fomu za kutokea zimekwisha. Akacheka, akaenda zake mikono mitupu. Kiti kikabaki barazani, ingawa katika kumbukumbu hakipo. Bibi Mkunga akakikalia. Kwa kuwa hakipo, hatukuwa na kifungu cha kumwinulia.

Hapo Mkurugenzi akajitoa mhanga. "Viti vya nje havichaguliwi kwa picha," alituambia. "Lazima mtu aende nje, akae." Akaenda nje, nchi tatu, akakaa wiki sita. Muhuri ulibaki kwenye mtoto wa meza, na ufunguo ukasafiri naye mfukoni.

"Mwanangu, huyu amekwenda wapi?" Bibi Mkunga aliniuliza wiki ya nne.

"Amekwenda kukaa, bibi."

"Kwani hapa alikuwa anafanya nini?"

Sikujibu, kwa sababu swali halikuja kwa maandishi.

Mkurugenzi alirudi na viti kumi na viwili. Mahameli nyekundu, miguu imepakwa rangi ya dhahabu, sponji nene kiasi kwamba mtu akikaa anazama mpaka mkanda. Nakiri nilijisikia fahari. Tulivipanga barazani, tukavizungushia kamba na kibao: VITI VYA NJE. USIKALIE.

Siku mbili baadaye mvua ikanyesha kwa upepo, ikaingia barazani bila miadi. Sponji zikanywa maji. Kufikia mwisho wa wiki mahameli imeota ukungu, dhahabu inabanduka, na harufu yake ni ya mbuzi aliyenyeshewa. Kile kiti kisichokuwepo kilikauka kabla ya saa nne asubuhi.

Mkurugenzi hakutetereka. Akaamuru vyote viingizwe ofisini kwake vikauke, kisha akaniita niandike ripoti, maana alikuwa na hamu ya safari nyingine. Akasema, nikaandika: "Mkurugenzi amekaa nje kwa wiki sita, ameridhika kabisa, na anapendekeza utaratibu huu uwe wa kudumu."

"Mheshimiwa," nikasema, "hapo kwenye 'nje', tusifafanue kidogo?"

"Andika nilivyosema. Nani hajui nje ni wapi?"

Jibu la Makao Makuu lilikuja upesi kuliko kawaida: "Tumefurahi. Kwa kuwa Mkurugenzi amekaa nje na ameridhika, aendelee kukaa nje kwa kudumu. Chumba chake kitumike kuhifadhia viti."

Aliisoma mara tatu. "Wamemaanisha nje ipi?" akaniuliza, sauti imeshuka.

Nikamkumbusha kwamba Kamati haina mamlaka ya kutafsiri.

Asubuhi yake meza ilikuwa barazani, naye nyuma yake, amesimama na muhuri mkononi. Ndani, viti kumi na viwili vilikuwa vimetulia kwenye zulia. Benchi lilikuwa limejaa. Akamwendea Bibi Mkunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Naomba hicho kiti. Mimi sasa nakaa nje."

Bibi akaupapasa mkono wa kiti taratibu. "Ningekupa, mwanangu. Lakini hiki si cha nje. Kimetoka nyuma ya soko."

Baraza nzima iliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa kazini, ila kalamu ilinianguka. Mkurugenzi akavuta hati ya kiwanja, akaigonga muhuri akiwa wima. Miezi mitano ikaisha kwa mlio mmoja. Ikagundulika kwamba mtu aliyesimama hugonga haraka sana.

Bibi Mkunga akaikunja hati yake, akaegemea mikono ya kiti, akainuka bila kushikwa na mtu. Kabla Mkurugenzi hajapiga hatua, aliyefuata kwenye foleni alikuwa ameshakaa.

Akanijia, akainama sikioni. "Katibu, hicho kiti kinapatikanaje?"

Nikamweleza kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote. Kisha nikamwandikia namba yake: arobaini na moja.